Iliyozimwa kwa Mkono

Shafiq alikuwa amekwisha kubali kwenda gereza la Luzira. Hakulisema hilo kwa mdomo, maana kwa mdomo hakuwa amesema jambo la maana tangu alipokamatwa Jumatatu, lakini Inspekta Nabwire alikuwa amekaa mbele ya watu wengi katika chumba kile na aliwatambua wale waliokwisha kuaga. Mtu wa namna hiyo haombi maji. Haulizi saa. Ukimwita jina anainua kichwa kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuwasumbua wenyeji.

"Mfumo wa kompyuta wa kliniki uliujenga wewe," alisema Nabwire.

"Ndiyo, afande."

"Na ile plagini inayoitwa Onyo?"

"Niliiandika mimi. Ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya mfumo."

"Kazi yake?"

"Daktari akimwandikia mtu dawa ambayo faili lake linaikataa, inajaza skrini wekundu. Muuguzi hawezi kuendelea."

"Jumapili faili la Mzee Rajab lilikataa penisilini. Muuguzi akatazama skrini, ikawa nyeupe, akamchoma penisilini. Mzee akafa kabla hawajamaliza kumwita daktari. Onyo ilikuwa imezimwa. Nani aliizima?"

"Akaunti inayoweza kuizima ni yangu."

"Sikuuliza akaunti ni ya nani."

Shafiq aliitazama meza. Meza ya kituo haina la kutazamwa, ila alama za vikombe na jina la mtu aliyekuwa na msumari na muda mwingi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati jeupe, ndevu zilizochongwa vizuri zikianza kupoteza mpaka wake.

"Saa nane gari linakwenda mahakamani," alisema Nabwire. "Kosa lililoandikwa ni mauaji. Mahakama ile haina uwezo wa kukupa dhamana kwa mauaji. Utashushwa Luzira leo hii, na huko watu husubiri kesi yao mpaka watoto wao wanawasahau. Unaelewa?"

"Naelewa, afande. Asante kwa kunieleza."

Alishukuru kweli. Hilo ndilo lililomkera Nabwire, kama kukereka ndilo neno lake. Alikuwa na miaka mingi kwenye dawati la vifo, na mahali ambapo zamani mambo yalimchoma sasa pamekufa ganzi. Alilala vizuri. Alikula vizuri. Alichobakiwa nacho ni tabia ya kutopenda hesabu isiyokaa sawa, na kijana huyu hakukaa sawa. Muuaji hunyamaza ili ajiokoe. Huyu alinyamaza mpaka akajizamisha.

Nje ya mlango alisimama Sajini Olanya, na kando yake kwenye benchi amekaa Zubairi, mdogo wa marehemu Rajab, dereva wa malori kama kaka yake alivyokuwa, kanzu yake ya msiba bado mwilini. Aliinuka.

"Afande, mimi naambia wewe tena. Hii kijana ilileta wazee kwa ndugu yangu, nataka kuoa Sharifah. Rajab akakataa mbele ya watu wote. Akasema, mimi siwezi kupa binti kwa mtu yenye iko kula mshahara ndani ya simu. Watu wakacheka. Mwezi haijaisha, Rajab amekufa kwa kompyuta ya hii hii kijana. Sasa wewe nataka nini ingine?"

"Pole kwa msiba, mzee wangu."

Neno lilitoka lenyewe. Nabwire alisikiliza kama kuna chochote nyuma yake, hakukuta kitu, akamgeukia Olanya.

"Hajjati Umulkheir amepiga simu," alisema Olanya. Alikuwa mtu wa Gulu aliyejifunzia Kiswahili kambini, na alikisema kwa amri hata akiwa anaomba chumvi. "Ile mama yenye kliniki. Anasema kuna Mukongo, Jean-Claude, alikuwa nafanya kazi na Shafiq, wakagombana. Alhamisi alikuja kliniki, akaweka kitu yake ndani ya kompyuta. Leo iko Wandegeya, kwa duka ya kuchapa."

"Kwa nini anayasema leo?"

"Nilimuuliza. Anasema alikuwa nafikiria Mungu."

Kabla ya kutoka Nabwire alimwomba Olanya picha aliyoipiga kwenye kompyuta ya mapokezi siku walipoifunga kwa utepe wa polisi. Olanya alimtumia, na kwa mara ya kumi akasema haielewi.

Duka la kuchapa lilikuwa chini ya hosteli ya wanafunzi, na ndani mashine tatu zilikuwa zikitapika tasnifu. Jean-Claude alikuwa akimfungia binti mmoja kazi yake kwa waya wa plastiki. Alipoona kitambulisho cha polisi waya ukamponyoka.

"Minajua ni ya Shafiq," alisema. "Afande, mimi sikuua mutu."

"Hajasema mtu kwamba umeua. Alhamisi uliweka nini kwenye mfumo wa kliniki?"

"Plagini. Inaitwa Meseji. Inatuma ujumbe kwa mugonjwa, kesho uko na daktari. Basi."

"Ukaiweka Alhamisi, na Jumapili mtu akafa kwa sababu plagini nyingine ilikuwa imezimwa. Wewe na Shafiq mmegombana. Ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

Jean-Claude alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, na hofu yake ilikuwa ile ya kawaida, ya mgeni mbele ya serikali. Nabwire aliipokea bila kuipa uzito. Hofu ya namna ile aliikuta hata kwa watu waliokuja kuripoti kuku aliyepotea.

"Ningefikiria vile unafikiria," alisema Jean-Claude. "Lakini kuweka haiko kuwasha, afande. Watu wote wanachanganya hapo. Kaa, nikuonyeshe."

Alimvutia kiti, akamtoa binti na tasnifu yake, akafunga mlango wa kioo. Nabwire alimpa simu yenye picha ya Olanya: safu ya majina ya plagini, na mbele ya kila jina maneno machache ya hali yake.

"Mufumo huu uko sawa nyumba ya wapangaji," alisema Jean-Claude. "Plagini ni mupangaji. Siku ya kwanza anakuja, anaandikwa jina, anapewa chumba. Hapo mufumo unasema, imewekwa. Analala ndani? Bado. Mufumo unamuuliza, wewe ili uishi unataka nini? Anasema, nataka maji, nataka umeme. Vitu vikipatikana, mufumo unasema, iko tayari. Vikikosa, anabakia kwa mulango na mizigo yake. Na hata akiwa tayari, bado hajaanza maisha. Mpaka aambiwe, anza. Ndipo sasa inaandikwa, inafanya kazi."

"Hatua tatu."

"Tatu. Sasa tazama yangu. Meseji, imewekwa. Kwa nini imekwama hapo? Inaomba plagini nyingine, inaitwa Posta, yenye kubeba ujumbe. Shafiq aliniahidi ataweka Posta. Hakuweka, ndiyo tukagombana. Meseji yangu haijawahi kufanya kazi hata dakika moja. Iko kwa mulango na mizigo. Mutu wa kwa mulango hawezi kuzima taa ya ndani."

Nabwire alikubali kwa kichwa. Hakuamini mtu kwa sababu ya miwani yenye gundi, lakini hili lingeweza kuthibitishwa na fundi yeyote wa mahakama, na Jean-Claude alilijua hilo. Uzi wa Hajjati ulikatikia hapo.

"Na Onyo?"

Jean-Claude alikuza picha kwa vidole viwili.

"Iko tayari," alisoma.

"Maana yake?"

"Maana yake haikuharibika. Kama kitu yenye inategemea ingetoka, ingerudi nyuma, ingesoma imewekwa, sawa yangu. Hii iko na kila kitu. Iko na chumba, maji, umeme. Imekaa tu."

"Kwa nini imekaa?"

"Kwa sababu mutu aliiambia ikae."

"Umeme ukikatika, na kompyuta ikafa ghafla?"

"Zote zinalala pamoja. Ukirudi, mufumo unaamuka, unazipitia moja moja. Wewe ulikuwa unafanya kazi, anza. Wewe pia, anza. Hakuna mutu anagusa. Lakini yenye mutu aliizima na mukono, mufumo unakumbuka. Unasema, huyu aliambiwa akae, simuamushi."

"Umeme urudi mara ngapi?"

"Hata mara mia, afande. Unakumbuka amri mpaka mutu aje atoe amri ingine."

"Na unamkumbuka aliyetoa?"

"Hapana. Unakumbuka amri peke yake. Na akaunti ni moja, ya Shafiq, na neno lake la siri kila mutu pale kliniki analijua. Hajjati mwenyewe analitaja kwa sauti."

Nabwire alirudisha macho kwenye picha. Kulikuwa na jina jingine lenye maneno yaleyale, iko tayari. Ripoti.

"Na hii?"

Jean-Claude aliinama. "Ripoti. Inaandika hesabu ya wagonjwa wa mwezi. Nayo imezimwa na mukono." Akakuna shingo. "Nani angetaka kuzima Ripoti? Hakuna mutu anaisoma mpaka mwisho wa mwezi."

Hapo ndipo hesabu ya Nabwire ilipoanza kusogea. Mtu mwenye nia ya kumuua Mzee Rajab huzima Onyo. Hana haja na Ripoti. Anayezima Onyo na Ripoti kwa pamoja hakuwa akimfikiria Mzee Rajab hata kidogo. Alikuwa akifikiria kompyuta.

"Kompyuta yako ina mfumo kama ule?"

"Nakala ya zamani. Tulijengea hapa hapa."

"Ibebe. Twende Mulago."

Kliniki ya Hajjati ilikuwa kwenye mteremko wa chini, upande ambao wagonjwa waliochoka kusubiri hospitali kubwa hushukia. Wiki hii waliandika kila kitu kwa kalamu, maana kompyuta ya mapokezi ilikuwa imefungwa. Hasifa, muuguzi aliyeichoma ile sindano, alikuwa akipanga mabomba ya sindano kwenye trei. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena.

"Mara ya mwisho Onyo kukupigia kelele ilikuwa lini?" Nabwire alimuuliza.

"Ijumaa asubuhi, afande. Kulikuwa na bibi mmoja, jajja wa Bwaise, daktari alimwandikia dawa ya maumivu na figo zake haziwezi. Skrini ikawa nyekundu. Nikafurahi hata."

"Baada ya hapo?"

"Kimya. Sasa kimya ni kizuri, si ndiyo? Onyo ikinyamaza tunajua dawa ni sawa. Tulizoea hivyo. Mimi niliona nyeupe nikachoma." Aliushika ukingo wa trei. "Nyeupe, afande."

"Kati ya Ijumaa na Jumapili kuna kitu kingine kilichokataa kufanya kazi?"

Hasifa alifikiri. "Jumamosi maabara. Ukurasa wa maabara haukufunguka, watu wa maabara wakapiga kelele. Tukampigia Shafiq, akaiwasha kwa simu akiwa kwake. Akasema labda ni umeme wa jana."

"Umeme ulikatika Ijumaa?"

"Saa ya Juma. Jenereta haikuwa na mafuta, tukabaki na betri. Intaneti nayo ikaenda. Wanaume wote walikuwa msikitini, Shafiq pia. Tulibaki wanawake."

"Intaneti ikienda, mtu anaweza kuzima plagini akiwa mbali?"

Jean-Claude alijibu kwa niaba yake. "Hapana. Lazima akae kwa kompyuta yenyewe. Ile ya mapokezi."

Macho ya Hasifa yalikwenda mlangoni, yakapita ukumbi, yakafika kwenye meza ya mapokezi, kisha yakarudi haraka kwenye trei, naye akaona kwamba Nabwire ameyafuata.

Pale mezani alikaa Sharifah, binti wa Mzee Rajab. Alikuwa amevaa hijabu nyeusi, akiandika majina ya wagonjwa kwa herufi za kuchapa, akimwuliza kila mmoja umri kwa sauti ileile. Baba yake alizikwa juzi.

"Anafanya nini kazini?" aliuliza Nabwire.

"Hajjati alimwambia aende nyumbani. Hataki."

Jean-Claude alimvuta Nabwire kwenye korido, karibu na sinki. Naye alikuwa amekwisha kufika mahali Nabwire alipofika, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Maabara, Ripoti, Onyo," alisema kwa sauti ya chini. "Ni zenye zinaandika kwa diski kila saa. Kompyuta ikifa zikiandika, mafaili yanaoza. Shafiq kila mara umeme ukienda anazizima hizo tatu kwanza, kabla betri haijaisha. Ni tabia yake. Afande, huyu binti alimuona akifanya."

"Alimwona akizima. Je, aliwahi kumwona akiwasha?"

"Shafiq anawashia juu, ghorofani, kwa kompyuta yake, intaneti ikirudi. Usimuulize huyu binti, afande. Tafadhali."

"Shafiq hasemi. Nisipomuuliza huyu, saa nane Shafiq anakwenda Luzira kwa kosa la mauaji, na wewe ndiye umenifundisha kwamba si yeye."

"Yeye anajua. Shafiq alitazama mufumo ile Jumapili, akaelewa. Ndiyo sababu ananyamaza."

"Najua anajua," alisema Nabwire.

Alikwenda mezani akasubiri zamu yake nyuma ya mwanamke mwenye mtoto. Katika kazi yake kulikuwa na dakika za namna hii, kabla ya kumwambia mtu jambo, na zamani alizichukia. Sasa alisimama tu. Alisoma bango la chanjo ukutani.

"Pole, Sharifah."

"Asante, afande."

"Kwa nini hukai nyumbani?"

"Nyumbani wananiletea chai kila saa. Kila anayekuja ananishika kichwa. Hapa hakuna anayenishika." Alitazama saa ya ukutani. "Wanampeleka leo?"

"Saa nane."

"Ni vizuri." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayethibitisha miadi. "Ami Zubairi hakujua mambo ya kompyuta. Ni mimi niliyemwambia. Nilimwambia, baba alimkataa mbele ya watu, na Onyo haiwezi kuzimika peke yake. Ni yeye."

Nabwire aliiweka kompyuta ya Jean-Claude juu ya meza. Jean-Claude aliufungua mfumo, majina yakajipanga, kila moja likisema inafanya kazi. Kisha akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Nataka kuelewa kitu kimoja," alisema Nabwire. "Ijumaa umeme ulipokwenda ulikuwa hapa?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe ulivyofanya. Betri inakwisha. Shafiq yuko msikitini."

Sharifah aliivuta kompyuta karibu. Alikaa wima, kwa namna ya mtu anayeijua kazi yake na anayependa ionekane kwamba anaijua.

"Huwezi kuiacha ife ikiandika," alisema. "Mwaka jana ilikufa hivyo, mafaili ya wagonjwa wa wiki nzima yakaharibika, tukawapigia simu mmoja mmoja. Hajjati alilia. Shafiq akaanza kuzima zile nzito kwanza. Mimi namuona kila mara, nimeshika." Akabonyeza. "Maabara. Unasubiri iseme imezimika, usiharakishe. Sasa Ripoti. Unasubiri. Sasa Onyo." Akabonyeza, akasubiri, mkono wake juu ya meza umetulia. "Hapo hata betri ikiisha hakuna kitu kinaharibika."

"Kisha?"

"Kisha basi. Kompyuta ikazima yenyewe baada ya muda. Umeme uliporudi nikaiwasha, ikaamka."

"Iwashe."

Jean-Claude alinyoosha mkono bila kumtazama, akaizima kompyuta, akaiwasha tena. Walisubiri. Mtoto wa yule mwanamke alikuwa akilia kwenye benchi, na mama yake akimbembeleza kwa Kiganda. Mfumo uliamka, majina yakajipanga upya, na maneno ya hali yakaanza kujaa upande wa kulia, moja baada ya jingine.

"Mapokezi, inafanya kazi," alisoma Sharifah. "Dawa, inafanya kazi. Maabara..." Akasogea. "Maabara haijaamka."

Nabwire aliisukuma kompyuta karibu naye zaidi.

"Ripoti haijaamka."

La tatu hakulisoma. Aliliwekea kidole, kama vile lingeweza kubadilika likiguswa, akakiacha pale.

"Inachelewa," alisema.

"Haichelewi, Sharifah."

"Umeme ukirudi zote zinaamka. Kila siku nakaa hapa naziona zinaamka. Shafiq yuko juu, mimi niko hapa, na ninaona zote..." Kichwa chake kilielekea ngazi za kwenda ghorofani, kwenye chumba cha Shafiq, kikakaa huko. "Anaziwasha yeye," alisema. "Akiwa juu. Ni yeye anayeziwasha."

"Ndiyo."

"Na Ijumaa aliporudi msikitini alikuta umeme uko."

"Alikuta umeme uko, na kila mtu anafanya kazi. Hakujua kwamba kuna mtu aliyezima kitu."

Sharifah alikiondoa kidole. Nabwire alikuwa amewaona watu wakianguka, wakipiga yowe, wakimrukia aliyewaambia. Huyu alizifunga kalamu zake tatu kwa mpira, akaziweka kwenye kikombe, akakisogeza kikombe kikawa sawa na ukingo wa meza.

"Nilikuwa nachunga mafaili," alisema. "Faili la baba lilikuwa humo."

Simu ya Nabwire ililia. Ilikuwa ya zamani, sikio lake limekufa, imebaki spika tu, na kila aliyepiga alisikika ukumbi mzima. Sauti ya Olanya ilitoka kama amri ya gwaride.

"Afande! Shafiq ameongea! Amesema niandike, ni yeye alizima hiyo kitu kwa hasira, sababu mzee alimukataa. Nimeandika, ameweka sahihi. Jalada imekamilika. Gari iko tayari, wacha tutangulie?"

Nabwire alifungua mdomo ajibu. Sharifah alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, na kwa sababu asiyoweza kuieleza baadaye hata katika ripoti yake, Nabwire alimpa simu.

"Mpe Shafiq," alisema Sharifah.

"Nani huyu?"

"Fanya hivyo, Olanya," alisema Nabwire.

Ikasikika minyororo ya geti, hatua, kikohozi. Kisha pumzi za mtu karibu na simu.

"Shafiq, nimeona," alisema Sharifah. "Nimeizima mwenyewe sasa hivi, na haikuamka."

Aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili." Sauti ilikuwa imekauka. "Sharifah, kata simu. Nimekwisha kuandika."

"Siku zote hizi nimekuchukia. Nimewaambia watu wote. Ungeniacha mpaka lini?"

"Ungeweza kunichukia mimi," alisema Shafiq. "Ukaishi. Ile nyingine usingeiweza."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya Olanya na geti na mahabusu wenzake, na ukumbi mzima wa kliniki ukamsikia kupitia ile simu mbovu. Mwanamke mwenye mtoto alisimama. Hasifa alitokea mlangoni na trei yake mikononi. Jean-Claude alivua miwani. Nabwire alingoja kitu kimpande kifuani, alikitaka kabisa, alikihitaji hata, na hakikuja.

Alichukua simu kutoka mkononi mwa Sharifah. "Olanya, usimpandishe kwenye gari. Hayo maelezo yake yatunze, usiyachane, yatamfaa hakimu kujua ni mtu gani. Mkalishe kwenye chumba changu, mpe chai."

"Afande, na jalada?"

"Jalada linakuja na mimi."

Sharifah alikuwa amesimama, mkoba begani. Hakuwa amemwaga hata chozi, na kwa dakika moja yeye na Nabwire walitazamana kama watu wawili wa kabila moja waliokutana ugenini.

"Nitafungwa?" aliuliza.

"Sidhani. Utaandika maelezo, na mwanasheria wa serikali atasema. Hukukusudia."

"Sikuuliza hilo kwa kuogopa." Aliushika mkanda wa mkoba kwa mikono miwili. "Afande, sheria inasema niende wapi kwanza?"

"Kituoni."

"Ami Zubairi yuko hapo kituoni. Akisikia, atampigia mama kabla sijakaa kwenye kiti. Mama atayasikia kwa simu."

Nabwire alitembea naye mpaka nje. Dereva wa polisi alikuwa amesinzia, mguu nje ya mlango. Alimgonga begani, akamwambia wanakwenda kwa Mama Kaltumi, mama yake Sharifah, nyumbani kwa marehemu, na kama kuna mtu atauliza, inspekta ndiye aliyesema. Dereva alimtazama mara mbili kisha akawasha gari.

Walikuwa wamekwisha kuingia barabarani Sharifah alipoanza kutetemeka. Mkoba ukawa unagonga mlango.

"Unaogopa atakulaani," alisema Nabwire.

"Hapana." Meno yake yalikuwa yakigongana, na ilibidi aanze upya sentensi. "Mama yangu namjua. Atanisamehe hapo hapo mlangoni, hata sijamaliza kusema."

Akainama, paji la uso juu ya magoti, na hapo ndipo kilio kilipomtoka.